Lebo za vyakula vya GMO: ya Ulaya, ya Marekani, ya Afrika Kusini au ya Kenya, ipi inamsaidia mnunuzi?

Ukimuuliza mtu yeyote sokoni kama anataka vyakula vya GMO, yaani vya mazao yaliyobadilishwa jeni, viandikwe hivyo kwenye paketi, atakujibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Ndivyo ilivyo Nairobi, ndivyo ilivyo Ulaya na Marekani. Lakini jibu hilo peke yake halitufikishi mbali. Januari 2015 Chuo Kikuu cha Oklahoma State kiliwauliza Wamarekani swali hilo, na zaidi ya 80% wakasema wanataka lebo iwe ya lazima. Katika utafiti huohuo waliulizwa pia kama vyakula vyenye DNA viwekewe lebo. Hapo napo zaidi ya 80% walisema ndiyo, ingawa DNA, yaani vinasaba, imo katika kila ndizi, kila punje ya maharage na kila samaki.

Siwataji watu hao ili kuwacheka. Mtu anapotaka chakula chake kiandikwe anadai haki yake, na haki hiyo haihitaji cheti cha baiolojia. Ninachosema ni kwamba tukishakubaliana lebo iwepo, kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu lebo zinatofautiana sana. Ipo inayomwezesha mnunuzi kuchagua, na ipo inayomwacha palepale alipokuwa.

Nitazipima zote kwa kipimo kimoja: baada ya sheria kuanza kufanya kazi, je, mnunuzi anakuta rafuni bidhaa mbili, moja ya GMO na nyingine siyo, zote zimeandikwa wazi na bei zinaonekana, akachukua aitakayo? Uchaguzi huo huweza kuuawa kwa namna mbili. Moja ni wauzaji kuogopa lebo na kuiondoa kabisa bidhaa yenye GMO. Ya pili ni lebo kubandikwa kila mahali hadi ikose maana.

Ulaya: maneno wazi, lakini rafu ya upande mmoja

Umoja wa Ulaya una kanuni mbili za mwaka 2003, namba 1829 na 1830, zilizoanza kutumika Aprili 2004. Kwa uandishi, sijaona zilizo bora zaidi. Paketi lazima iseme kwa maneno kwamba kiungo fulani kimebadilishwa kijenetiki, au kimetengenezwa kutokana na soya au mahindi yaliyobadilishwa. Kuna msamaha wa 0.9% kwa kila kiungo, ila ni kwa GMO iliyojipenyeza bila kukusudiwa, kwa mfano punje zilizobaki kwenye lori au ghala. Mwenye kiwanda aliyeitia kwa makusudi anaandika, hata ikiwa ni kidogo.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye mafuta. Mafuta ya soya yakishasafishwa, maabara haiwezi tena kuona DNA ndani yake. Ulaya haikuishia maabara: inadai karatasi za mauzo zifuate zao kutoka shambani hadi dukani, na asili yake iandikwe hata kama chupani hakuna cha kupimika. Uingereza ilibaki na kanuni hizi hata baada ya kutoka katika Umoja wa Ulaya. Ndugu zetu wanaofanya kazi katika mikahawa ya huko wameyaona madumu makubwa ya mafuta ya kukaangia yaliyoandikwa "produced from genetically modified soya". (England imepitisha sheria ya 2023 inayoyatenga mazao yaliyohaririwa kwa usahihi ndani ya vinasaba vyake yenyewe. Hayo hayadaiwi lebo, kwa hiyo mtu wa London asidhani kimya cha paketi kina maana ileile ya zamani.)

Kasoro ya Ulaya iko mahali pawili. Kwanza ni nyama, maziwa na mayai. Ng'ombe au kuku akilishwa soya ya GMO, gunia la chakula chake huandikwa lakini trei ya mayai haiandikwi. Ulaya huagiza soya nyingi mno ya mifugo kutoka Brazil, Argentina na Marekani, ambako karibu yote ni ya GMO. Kwa hiyo mtu anayesoma kila paketi kwa bidii huenda jioni akala kuku aliyenenepeshwa kwa zao lilelile alilolikwepa asubuhi.

Kasoro ya pili ni ile rafu. Ili kuielewa lazima turudi Uingereza, Februari 1996, kabla ya kanuni hizi. Maduka ya Sainsbury's na Safeway yalianza kuuza nyanya za kopo zilizosagwa, zilizotokana na nyanya za GMO, na mkebe uliandikwa hivyo kwa herufi zinazosomeka. Ulikaa pembeni ya mkebe wa kawaida. Bei ilikuwa moja, senti 29 za Kiingereza, ila mkebe wa GMO ulikuwa na gramu 170 na wa kawaida gramu 142. Watu walisoma, wakalinganisha, wakanunua. Hadi mwanzoni mwa 1999 mikebe kama milioni 1.8 ilikuwa imeuzwa.

Kisha Agosti 1998 mwanasayansi Árpád Pusztai alijitokeza kwenye televisheni na kueleza matokeo ya panya waliolishwa viazi vya GMO. Viazi hivyo havikuwa sokoni na havikuhusiana na nyanya zile. Dhoruba ikavuma magazetini, na mwaka 1999 maduka yakaiondoa mikebe ile. Nyanya yenyewe haikuwa imegunduliwa kasoro yoyote. Lebo iliyokuwa taarifa iligeuka kuwa doa, na sheria ya 2004 ilipoanza, wenye viwanda walishaamua kubadilisha mapishi yao kuliko kuandika neno hilo. Leo mnunuzi wa kawaida wa Ulaya anaweza kuzunguka supamaketi nzima asikute paketi iliyo na lebo hiyo. Analindwa na uamuzi wa wenye maduka, na yeye mwenyewe hajaulizwa tangu mikebe ile iondolewe.

Marekani: alama ya serikali na kipepeo wa hiari

Marekani walivutana kwa miaka. California walipiga kura kuhusu lebo Novemba 2012 na pendekezo likashindwa kwa 51.4% dhidi ya 48.6%, baada ya kampuni za chakula na mbegu kumwaga mamilioni ya dola kwenye matangazo ya kulipinga. Oregon mwaka 2014 lilishindwa kwa kura 837 tu. Nayataja haya kwa sababu yanaonyesha pengo kati ya kura ya maoni na sanduku la kura. Watu walewale wanaosema "andikeni" wakiambiwa kwamba bei ya vyakula itapanda, wengi husita.

Jimbo la Vermont ndilo lililothubutu. Sheria yake ilianza tarehe 1 Julai 2016, na paketi zikaandikwa kwa maneno mepesi kwamba bidhaa imetengenezwa, yote au sehemu, kwa uhandisi wa jeni. Haikudumu hata mwezi. Tarehe 29 Julai Rais Obama alitia saini sheria ya taifa iliyozifuta sheria za majimbo. Lakini watafiti Jane Kolodinsky na Jayson Lusk walikuwa wamekusanya maoni Vermont na kwingineko nchini, kabla na baada. Walichochapisha mwaka 2018 kiliwashangaza wengi: baada ya lebo kuonekana, upinzani dhidi ya vyakula vya GMO ulipungua Vermont kwa 19% ukilinganisha na kwingine.

Kwangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika mjadala huu. Kwa miaka kampuni zilidai kwamba lebo itawatisha watu. Pale ilipowekwa kwa maneno ya kawaida, watu walitulia. Mtu akifichwa jambo hudhania baya. Akiambiwa, hata asipolipenda, anajua kwamba mlango wa kukataa uko wazi.

Sheria ya taifa iliyoanza kuwa ya lazima tarehe 1 Januari 2022 iliacha njia hiyo. Inatumia neno "bioengineered", ambalo wanunuzi walikuwa hawajalizoea, badala ya GMO walilolijua kwa miaka ishirini. Inaruhusu alama ya duara ya kijani yenye mmea na jua, au maneno, au msimbo wa QR wa kupiga picha kwa simu. Msamaha wa kilichojipenyeza ni 5%, zaidi ya mara tano ya ule wa Ulaya. Mikahawa haiguswi. Na kanuni zilizoandikwa na Wizara ya Kilimo ziliyaacha nje mafuta na sukari zilizosafishwa hadi jeni isionekane. Hapo ndipo penye shimo kubwa, kwa kuwa mahindi, soya na viazisukari vya Marekani, ambavyo vingi mno ni vya GMO, humfikia mlaji hasa kama mafuta, sukari na sharubati ya mahindi. Aliyekaa Minneapolis au Columbus akaona chupa ya mafuta haina alama, asihesabu kwamba ameepuka kitu.

Kuhusu QR nitasema kwa kifupi: ni njia mbaya. Mama aliyebeba mtoto, mwenye simu ya kubonyeza, au mzee asiyeona vizuri hatasimama kwenye korido kuchanganua kila paketi. Taarifa iliyohitaji intaneti ili isomwe haijaandikwa kwenye paketi.

Pembeni ya alama ya serikali kuna lebo za hiari. Nembo ya kipepeo ya Non-GMO Project, shirika lililoanzishwa 2007, hutumia kiwango cha 0.9% kwa viungo, huangalia pia chakula alicholishwa mnyama, na haliyaachi mafuta. Lebo ya kilimo hai ya serikali, USDA Organic, nayo inapiga marufuku mbegu za GMO na malisho ya GMO. Hizi mbili zinakwenda ndani zaidi kuliko lebo ya lazima. Gharama yake ni kwamba anayeikwepa GMO ndiye anayelipa, kupitia bei ya juu, wakati katika mfumo wa Ulaya mzigo wa kuandika uko kwa anayeiuza. Na kipepeo ana tabia moja isiyonipendeza: hukaa hata kwenye chumvi, ambayo haina jeni yoyote ya kubadilishwa. Mnunuzi asiyejua hudhani chumvi ya pembeni isiyo na kipepeo ina walakini.

Afrika Kusini: unga wa sima na neno "huenda"

Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa chakula ni huu. Afrika Kusini hulima mahindi meupe ya GMO kama chakula kikuu cha watu, na zaidi ya 80% ya mahindi yake ni ya aina hiyo. Paketi ya unga ya Johannesburg ni ndugu wa paketi yetu ya sima.

Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2008, iliyoanza kutekelezwa 2011, inataka bidhaa yenye GMO kuanzia 5% iseme hivyo. Lakini inaruhusu pia kuandika "huenda ina viungo vya GMO" pale ambapo kupima hakuwezekani au hakuna maana. Katika nchi ambayo karibu kila ghala la mahindi lina GMO, neno "huenda" linaweza kutumika kwa kila paketi na lisiwe uongo. Hapo ndipo kifo cha pili cha lebo nilichokitaja. Mnunuzi anaona onyo lilelile popote anapogeuka, analizoea, haliongezi chochote katika uamuzi wake.

Lakini kuna jambo la kuwapa haki yao. Utafiti wa baraza la utafiti la huko, HSRC, ulionyesha kwamba walioelewa kuwa wanakula vyakula vya GMO waliongezeka kutoka 13% mwaka 2004 hadi 48% mwaka 2015. Siwezi kusema lebo peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Ila nchi inayojua inakula nini, hata nusu yake, imeipita ile isiyojua.

Kenya: kanuni nzuri iliyokaa kabatini

Watu wengi wanashangaa wakiambiwa kwamba Kenya ina kanuni za lebo za GMO tangu 2012. Zilitungwa chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009, zinasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Kibayolojia (NBA), na kiwango chake ni 1%, kikali kuliko cha Marekani na Afrika Kusini. Shida ni kwamba mwaka uleule, Novemba 2012, baraza la mawaziri lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO. Marufuku hiyo ilifuata utafiti wa mwanasayansi Mfaransa Gilles-Éric Séralini kuhusu panya na mahindi, ambao jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka uliofuata. Kanuni za lebo zikabaki bila kitu cha kuandikwa.

Oktoba 2022 serikali ya Rais Ruto iliondoa marufuku. Kesi zikafunguliwa. Mahakama za chini zilizitupa mwaka 2023 na 2024, kisha Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uingizaji wakati rufaa ikisubiriwa. Kwa mnunuzi wa unga maana yake ni kwamba paketi iliyo dukani kwako haina lebo ya GMO kwa sababu ya mahakama, na wala si kwa sababu mtu amepima na kuchagua. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iliyo kwenye unga haihusiani na GMO hata kidogo, ingawa nimewasikia wengi wakiitegemea hivyo. Mahindi mengi tunayoagiza hutoka Tanzania na Uganda, ambako mahindi ya GMO hayalimwi kibiashara. Tanzania ilifikia hatua ya majaribio Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, kabla ya serikali kuyafuta.

Lakini kasoro halisi ya kanuni zetu haiko kwenye 1%. Iko kwenye gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni. Kenya sehemu kubwa ya sima, hasa mashambani, haitoki kwenye paketi. Mama ananunua mahindi kwa gorogoro au debe, anayapeleka kwenye posho mill, kinu cha kusagia cha mtaani, anarudi na unga kwenye kikapu. Lebo iliyochapishwa kwenye karatasi ya kilo mbili ni ya mteja wa supamaketi. Kanuni ya Ulaya ya 2003 ina kifungu ambacho ningependa kinakiliwe neno kwa neno: chakula kisichofungwa kinapouzwa, taarifa lazima ionekane wakati wote kwenye meza ya bidhaa au pembeni yake kabisa, kwa herufi kubwa za kusomeka bila shida.

Sasa, kwako wewe ipi?

Inategemea unataka kujua nini, na hapo watu hutofautiana zaidi ya wanavyodhani.

Kama wasiwasi wako ni afya, ujue kwamba hakuna lebo kati ya hizi iliyotungwa kuwa onyo la sumu. Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyo kwenye soko la kimataifa vimepita tathmini za usalama na hakuna dalili kwamba vina hatari kwa walaji. Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilifika karibu na hapo katika ripoti yake ya 2016. Lebo haibatilishi wala haithibitishi hilo. Ukikuta mfanyabiashara anatumia "si GMO" kumaanisha "ni salama zaidi", anakuuzia hofu.

Kama unaikwepa GMO kwa imani yako, kwa sababu ya dawa za magugu, au kwa sababu hutaki kampuni chache zishike mbegu, basi lebo ya kilimo hai au kipepeo ndiyo itakayokutosheleza, hasa kwa nyama na mayai. Ukiwa Marekani usitegemee ile duara ya kijani peke yake. Ukiwa Ulaya, lebo ya lazima inatosha kwa unga na mafuta, haitoshi kwa maziwa.

Kama unataka tu kujua na kuamua mwenyewe, lebo ya Ulaya ndiyo bora kwa maneno na ya Vermont kwa athari. Ya QR iache.

Kuna swali moja ambalo zote nne zimeshindwa kulijibu: kilibadilishwa nini? Mahindi yanayojikinga na funza wa mabua humpunguzia mkulima kunyunyiza dawa. Mahindi yanayostahimili dawa ya magugu humruhusu kuinyunyiza juu ya zao lenyewe. Mtu anaweza kukubali ya kwanza na kukataa ya pili kwa sababu zenye akili kabisa, na lebo zote zinamwambia neno moja tu, GMO. Huko Marekani kuna nyanya ya zambarau ambayo mbegu zake ziliuzwa kwa watu wa bustani mwaka 2024, na wenye kuiuza hawakuficha kuwa ni ya GMO, walieleza jeni imetoka kwenye ua gani na imewekwa kwa nini. Hivyo ndivyo inavyowezekana.

Kwa hiyo mahakama ikifungua mlango wa bandari ya Mombasa, ninachotaka kuona si maneno ya kisayansi nyuma ya paketi. Ni kibao juu ya gunia na ukutani pa posho mill: "Mahindi meupe ya GMO, yanayojikinga na funza. Yametoka Afrika Kusini." Pembeni yake gunia lingine: "Mahindi ya kawaida. Yametoka Kitale." Bei ya gorogoro chini ya kila kimoja. Kuthibitisha hilo hakuhitaji maabara kubwa: vipo vijikaratasi vya kupimia vinavyochovywa kwenye maji ya punje zilizosagwa na kuonyesha protini ya kujikinga na funza kwa dakika chache. Havifanyi kazi kwenye mafuta yaliyosafishwa, lakini kwa punje vinafanya. Wakaguzi wavitumie bandarini na kwenye mipaka, gunia likiwa bado limeshonwa, kabla mahindi ya shehena mbili hayajamwagwa kwenye ghala moja.